Sio mtandao, ni JavaScript: kwa nini ukurasa unaganda na unauponyaje

Ukikaa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, asubuhi ukawaangalia watu na simu zao, utaona ukurasa ukigoma kidogo tu mtu anazima data anawasha, anahamia laini nyingine, anainua simu juu, kisha anatoa hukumu: mtandao leo hamna. Na mara nyingi yuko sahihi, huku ziwani hatubishani na hilo. Ila kuna kuganda kwa aina nyingine ambako mtandao unasingiziwa tu, data imeshafika zamani, iko ndani ya simu, bando limeshakatwa, na bado ukurasa haushikiki.

Kutofautisha sio kazi. Gusa boksi lolote la kuandikia hapo kwenye ukurasa, andika herufi mbili tatu. Kama shida ni mtandao, herufi zitatokea kama kawaida na batani zitabonyea, ni ile taarifa tu unayoisubiri ndo haijafika. Lakini ukiandika na hakuna kinachotokea, unagusa batani haibadiliki hata rangi, alafu baada ya sekunde nne tano kila ulichogusa kinatokea kwa mpigo mmoja, hapo usimlaumu mwenye mnara. Hiyo ni JavaScript, lugha ya programu inayoendesha ukurasa, imeishikilia thredi (njia ambayo kazi za ukurasa zinapita) na haitaki kuachia. (Kupandisha na kushusha ukurasa kwa kidole sio kipimo kizuri, maana brauza za siku hizi zinalifanya hilo pembeni, unaweza ukashuka mpaka chini kabisa na ukurasa umekufa vilevile.)

Sasa kwa nini inatokea. Brauza ina kazi kibao juu ya ukurasa mmoja: kuendesha JavaScript, kupokea miguso na herufi, kupanga kila kitu kikae wapi, kuandaa mchoro wa kioo. Hizi kwa sehemu kubwa zinapita sehemu moja inayoitwa thredi kuu, na ni moja tu. Simu inaweza kuwa na prosesa ya kore nane na boksi lake limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa, JavaScript ya ukurasa wako bado inakimbia kwenye thredi moja na kore nyingine zinaangalia. Lugha yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya mizigo. Brendan Eich aliiandika akiwa Netscape, kampuni ya brauza, mwaka 1995, toleo la mwanzo kabisa lilimchukua siku kumi, na kilichotakiwa kilikuwa vitu vidogo vidogo kama kukagua fomu kabla haijatumwa. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atajumlisha msimu mzima wa dagaa humo ndani.

Fikiria banda lenye mpima mizani mmoja, huyohuyo ndo anaandika daftari, anapokea hela, anaitikia wateja. Akija mtu na gunia mia mbili na mpimaji akaamua hainui kichwa mpaka gunia la mwisho, mwenye ndoo yake moja atasimama pale aite mpaka achoke. Mpimaji sio mvivu, kazi anaifanya tena kwa bidii, ila wa kuitikia hamna mwingine.

Na JavaScript haikatishwi katikati. Kazi ikishaanza inaenda mpaka mwisho wake, hakuna cha kuja kuisimamisha ili mguso wa mtu upite kwanza. Miguso, herufi, majibu ya seva, taimu, vyote vinakaa kwenye foleni vinasubiri. Kazi moja ikiisha brauza inachukua inayofuata, na katikati ya kazi na kazi ndipo inapata nafasi ya kuchora kioo upya. Shika hilo la kuchora katikati ya kazi na kazi, maana nusu ya maajabu ya kurasa zinazoganda yanatoka hapo.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Kioo cha kawaida kinachorwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila mchoro una milisekunde 16.7 (milisekunde ni sekunde moja ukiigawa mara elfu), na brauza yenyewe inahitaji sehemu yake humo, kwa hiyo wewe ukibaki na kama 10 hivi ushukuru. Kazi yoyote inayozidi milisekunde 50 bila kuachia, wataalamu wa brauza wanaihesabu kuwa ni kazi ndefu. Kwa nini 50? Kwa sababu Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, aliweka wazi tangu 1993 kwamba jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anaona limekuja palepale, yaani milisekunde 100, sasa mtu akigusa wakati kazi ya 50 ndo kwanza imeanza, ikiisha bado una 50 nyingine za kumjibu na yeye hajashtuka. Zaidi ya sekunde moja mawazo yake yameshakatika, na ikifika kumi ameshaingia WhatsApp. Google nao tangu Machi 2024 wanapima ukurasa kwa kitu kinaitwa INP, yaani toka mtu aguse mpaka kioo kionyeshe kitu ni muda gani: 200 au chini yake ni nzuri, zaidi ya 500 ni mbovu. Kipimo cha kabla yake kilikuwa kinaangalia mguso wa kwanza tu na jinsi ulivyocheleweshwa, kwa hiyo ukurasa unaoganda ukishaanza kutumika ulikuwa unapita mtihani bila shida, jambo ambalo binafsi nililiona kichekesho.

Tuje kwenye ukurasa halisi. Kuna mama mmoja anafanya biashara ya dagaa, ananunua kwa wavuvi, anauza kwa magunia, wateja wengine wanatoka mpaka Congo. Alitengenezewa ukurasa wa kuandika mauzo, ukiandika uzo unabonyeza Hifadhi, jumla ya msimu mzima inajipiga upya hapohapo na jedwali linachorwa. Mwanzoni ulikuwa unateleza. Lakini dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo hesabu zinakuja kwa mafungu, wiki ya mbalamwezi kimya, wiki za giza mauzo yanamiminika. Ukurasa ukaanza kuganda wiki za giza tu. Aliyeutengeneza akiujaribu kwa mistari hamsini ya mfano kwenye laptop yake hawezi kuona kitu.

Mama hakuja kulalamika kwamba unaganda. Alikuja na lingine.

"Mwanangu, hii kitu inaniibia."

"Inakuibiaje mama?"

"Nimeuza mara moja, yenyewe imeandika mara tatu. Nikimpigia mteja anadai ananidai yeye."

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Anabonyeza Hifadhi, mauzo yanaandikwa, hesabu ya msimu inaanza, kioo kinaganda. Haoni kitu, anabonyeza tena, na tena. Miguso ile miwili haikupotea, ilikaa foleni, kazi ya kwanza ilipoisha brauza ikaitoa kwa utaratibu kabisa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukaandika uzo mpya na kuanzisha hesabu upya. Kwa hiyo anaganda mara tatu na anaandikiwa mara tatu.

Na cha kuchekesha, ndani ya skripti ile mtu alikuwa ameweka kinga. Mstari wa kwanza batani inafungwa na maandishi yanageuka kuwa "Subiri...", inafuata hesabu, mstari wa mwisho batani inafunguliwa. Ukiisoma hivi inaonekana iko sawa. Ila hiyo yote ni kazi moja, na nimesema kioo kinachorwa baada ya kazi kuisha, kwa hiyo ile "Subiri..." haikuwahi kuonekana na binadamu yeyote, iliandikwa ikafutwa kabla brauza haijapata nafasi ya kuichora. Na batani nayo, miguso inapokuja kutolewa kwenye foleni inaikuta imeshafunguliwa. Ilifungwa wakati hakuna anayegonga na kufunguliwa wageni walipofika mlangoni. Dawa ya hapo ni batani ibaki imefungwa mpaka kazi nyingine mpya ianze baada ya hesabu, na pia kila uzo upewe namba yake ya kipekee tangu fomu inapofunguliwa, ili hata ikija mara kumi seva ijue ni uzo uleule. Hilo la pili lifanye hata kama ukurasa wako haugandi.

Kabla ya kuruka kwenye mbinu kubwa, angalia kwanza kazi yenyewe kama inastahili kuwa nzito, kwa sababu nimeona watu wanahamishia upuuzi kwenye thredi nyingine badala ya kuuondoa. Ukurasa ule kila uzo ulikuwa unatafuta jina la mteja kwa kupitia orodha nzima ya wateja. Chukua mauzo 20,000 na wateja 3,000, ukiwa na bahati mbaya ni ulinganishi milioni 60 kwa kila mbonyezo wa Hifadhi. Ukiwaweka wateja kwenye Map mara moja, kama faharasa inayokupeleka moja kwa moja kwa mteja, kila utafutaji unakuwa hatua moja na zile milioni zinayeyuka. Kitu kingine kilichokuwa kinakula muda ni kupamba namba, ile kuweka koma kwenye shilingi na kuandika tarehe, toLocaleString inaitwa kwa kila mstari na kila safari inajipanga upya, wakati ukitengeneza Intl.NumberFormat moja tu nje ya lupu ukaitumia tena na tena tofauti unaiona kwa macho. Alafu jumla ya msimu haikuwa na haja ya kupigwa upya. Una jumla ya jana, umeuza gunia moja leo, ongeza. Basi.

Mara nyingi ukifanya haya matatu unafunga kompyuta unaenda kula sato. Lakini kuna siku kazi inabaki nzito kweli, ripoti ya msimu, kulinganisha miezi, kusoma faili kubwa la zamani, hapo ndo tunaendelea.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu anajaribu ni async, neno la JavaScript la kazi zinazosubiri. Anaandika async mbele ya fanksheni, anaweka await hapa na pale, anaamini kazi imeenda nyuma ya pazia. Haijaenda popote. Await inasaidia unaposubiri kitu cha nje, seva ijibu au faili lisomwe, hapo thredi kuu kweli inakuwa huru kwa sababu kazi inafanywa na mwingine. Ila hesabu yako ni yako, itafanyika palepale kwenye thredi ileile iwe na async au isiwe nayo. Tena kuna mtego mbaya zaidi: majibu ya Promise, ile ahadi ya jibu ambayo await inaisubiri, yana foleni yao ya haraka, na brauza haichori wala haipokei mguso mpaka foleni hiyo ikauke kabisa. Ukikata kazi yako vipande mia na katikati ya kila kipande ukaweka await ya Promise iliyokwishajibika, umejisumbua bure, vipande vyote mia vitapita mfululizo na ukurasa utaganda kama mwanzo. Hili nimelijibu kwenye magrupu ya madevelopa wa hapa mpaka nimeamua kuandika.

Kinachotakiwa ni kuachia thredi kweli, kazi iishe, brauza ipumue, ichukue miguso, ichore, kisha uendelee ulipoishia. Njia ya kizamani ni setTimeout yenye sifuri. Inafanya kazi, ila sifuri yake sio sifuri kweli, ukiziita moja ndani ya nyingine baada ya mara tano brauza inakulazimisha kusubiri angalau milisekunde 4. Kwa hiyo ukiachia baada ya kila mstari, mistari 20,000 mara 4 ni sekunde 80 za kusubiri tu hujafanya hesabu yoyote. Njia mpya ni scheduler.yield, iko Chrome tangu toleo la 129 la mwaka 2024 na Firefox wakafuata 2025, na uzuri wake ukiachia hupelekwi mwisho wa foleni, wakishapita wenye haraka unarudi wewe kabla ya kazi mpya za kawaida kuingia. Brauza isiyo nayo unairudisha kwenye setTimeout:

    function pumua() {
      if (globalThis.scheduler?.yield) return scheduler.yield();
      return new Promise(r => setTimeout(r, 0));
    }

    async function pitiaMauzo(mauzo, shughulikia) {
      let mwanzo = performance.now();
      for (const mstari of mauzo) {
        shughulikia(mstari);
        if (performance.now() - mwanzo > 10) {
          await pumua();
          mwanzo = performance.now();
        }
      }
    }

Ona kwamba ninapima kwa saa, sihesabu mistari. Watu wengi wanasema "kila mistari 500 pumzika", na 500 hiyo wameipata kwenye laptop yao. Mistari 500 inayochukua milisekunde 8 kwenye laptop nzuri inaweza kuchukua 60 kwenye simu ya bei ya chini yenye joto na betri asilimia kumi na mbili, na simu ileile asubuhi na mchana juani haifanani. Saa haidanganyi popote ulipo.

Gharama ipo. Kazi iliyokatwa vipande kwa ujumla inachelewa kuisha kuliko ile ya kukimbia moja kwa moja, na mtu akihamia tabo nyingine kwenye kompyuta, brauza inazibana taimu za tabo iliyofichwa mpaka mara moja kwa sekunde, Chrome ikikaa imefichwa zaidi ya dakika tano inaweza kufikia mara moja kwa dakika. Ripoti ya sekunde sita inaweza kuchukua dakika nyingi, na mtu anarudi anaikuta bado ipo asilimia 9. Kwa ukurasa ambao mtu anauangalia, mimi nakubali kuchelewa kidogo ili aweze kugusa. Kwa kazi ya kuachwa ijifanye yenyewe, vipande sio jibu.

Kuna jambo lingine linasahaulika sana. Kazi ikishakatwa, katikati ya vipande dunia inabadilika. Mtu amechagua ripoti ya Machi, hesabu iko nusu, anabadili anachagua Aprili, kwa sababu sasa ukurasa unamruhusu. Usipokuwa makini hesabu mbili zinakimbia pamoja na inayochelewa ndo inayoandika mwisho, anasoma takwimu za Machi chini ya kichwa cha Aprili. Ukurasa ulioganda ulikuwa haukosei hivi. Kwa hiyo kila kazi inayoachia lazima iwe na namna ya kufutwa, AbortController, kifaa cha JavaScript cha kusitisha kazi, inatosha, kila ukiamka kutoka kupumua uliza kwanza: bado ninahitajika? Kama hapana, ondoka bila kuandika chochote.

Sasa njia nzito, Web Worker, mimi naiita woka. Hii ndo thredi nyingine ya kweli, brauza zilianza nayo karibu 2009 na 2010, sio teknolojia ya jana. Unaiandikia faili lake, unaitumia meseji kwa postMessage, inafanya hesabu pembeni kwenye kore nyingine, inarudisha jibu, na muda wote huo thredi kuu iko huru kabisa. Woka haigusi ukurasa. Haina document (ukurasa wenyewe), haina localStorage (hifadhi ndogo ya brauza), haiwezi kubadili rangi ya batani. Lakini ina fetch ya kuvuta data, na ina IndexedDB, ghala la data ndani ya brauza, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kwa sababu kosa la kawaida la woka ni hili: mtu anavuta data kwenye thredi kuu, anaifungua JSON (maandishi ambayo data inasafiria) kwenye thredi kuu, alafu mzigo mzima anautuma woka ukahesabiwe. Kufungua JSON kubwa ni kazi inayoganda, na kutuma nako, maana kinachotumwa kinanakiliwa chote, kopi ya mistari 20,000 yenye kila kitu chake inatengenezwa na thredi kuu ndo inayolipa. Unaweza kuhamishia kazi woka na ukurasa ukaganda vilevile, mtu anashangaa. Badala yake mwache woka mwenyewe avute data, aifungue, ahesabu, arudishe yale unayoonyesha tu, jumla kumi na mbili za miezi na mistari thelathini inayoonekana kwenye kioo. Mzigo mkubwa usiguse thredi kuu hata kidogo.

Kama data yako ni namba tupu zimekaa kwenye ArrayBuffer, kipande kimoja cha kumbukumbu, unaweza kuihamisha badala ya kuinakili, ni haraka sana, ila ukishahamisha upande wa kwanza unabaki mtupu, ukiisoma utakuta urefu wake ni sifuri. Ipo pia SharedArrayBuffer ya kutumia kumbukumbu moja pande mbili, hiyo brauza ziliizima Januari 2018 baada ya ule udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre, ikarudi baadaye kwa masharti ya vichwa maalumu kutoka kwenye seva. Kwa hesabu za dagaa huihitaji.

Na usiunde woka mpya kila mtu anapobonyeza. Kuiamsha kuna gharama na kila moja inakula kumbukumbu yake, simu ya giga 2 haitakuvumilia. Iunde moja, iache ikae, itumie meseji.

Umeshapiga hesabu, jibu limerudi, alafu unachora jedwali la mistari 8,000 na ukurasa unaganda tena. Hapa woka hasaidii, kuchora ni kwa thredi kuu. Jibu la kweli ni usichore 8,000. Kioo cha simu kinaonyesha mistari kumi na tano, chora hiyo na michache juu na chini, nyingine ijitokeze mtu anaposhuka. Kama hilo ni kubwa kwako, CSS, lugha ya kupamba ukurasa, ina content-visibility: auto inayoiambia brauza iruke kupanga vitu ambavyo havijafika kwenye kioo, mstari mmoja tu na mara nyingine unatosha. Jingine la kuangalia ni lupu inayobadilisha kitu na kusoma kipimo hapohapo, unaongeza mstari unasoma offsetHeight, unaongeza unasoma, kila ukisoma brauza inalazimika kupanga ukurasa upya ili ikupe jibu sahihi. Soma vyote kwanza, badilisha vyote baadaye.

Kuna watakaosema shida yote ya nini, hesabu zipigwe kwenye seva, simu ioneshe jibu tu. Kwa ofisi iliyopo mjini Kenyatta Road yenye intaneti ya waya nakubali kabisa, fanya hivyo. Ila mnunuzi wa dagaa hakai mjini. Leo yuko Ukerewe, kesho yuko kisiwani zaidi huko mtandao unapokuja na kuondoka kama unavyotaka, na anataka kujua papo hapo ufukweni fungu hili la leo linamfikisha wapi kabla hajatoa hela. Ukurasa unaotegemea seva kwa kila hesabu pale ni mapambo. Kwa mtu huyu data ikae kwenye simu, IndexedDB, hesabu zipigwe kwenye simu, mtandao ukionekana data ipande kwenye seva. Na ndo maana kuganda kunamuuma zaidi yeye kuliko wa mjini, simu yake ndogo ndo imebeba kazi yote.

Kupima usitumie laptop yako kama ilivyo. Fungua DevTools za Chrome, vifaa vyake vya kukagua ukurasa, nenda Performance, punguza kasi ya prosesa mara 4 au mara 6, rekodi, bonyeza kile kinacholalamikiwa, simamisha. Kazi ndefu zitakuja na alama nyekundu, ukiigusa moja unaona fanksheni gani imekula muda, na mara nyingine utakuta sio yako kabisa, ni skripti ya takwimu za wageni au kiboksi cha chati ambacho mtu alikibandika akasahau. Hiyo unaifuta. Alafu kabla hujamwambia mteja kwamba imepona, azima simu yake mwenyewe, chomeka waya, fungua chrome://inspect kwenye kompyuta, rudia zoezi lilelile na data yake ya wiki ya giza, sio ile mistari yako hamsini.